Shoka la mawe limenitoa jasho

Jumamosi tulishuka Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale nchini Kenya, barabara ya Magadi, jua la kupasua utosi. Unatembea juu ya kijia cha mbao, na chini yako mashoka ya mawe yametapakaa kwa mamia, kana kwamba wenyewe wameenda kunywa maji tu. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapa miaka ya 1940. Tabaka za kale zaidi zina umri wa miaka milioni 1.2 hivi.

Mwelekezaji akanipa moja nilishike. Zito, umbo la tone la maji, limeenea kiganjani. Halina mpini. Akatueleza: unabandua pande kutoka kwenye mwamba, kisha unagonga ukingoni kwa jiwe gumu la mviringo. Kibanzi hurukia upande wa chini. Unaligeuza, na kovu lile lile ndilo unalolipiga sasa. Geuza, gonga, geuza, mpaka makali yazunguke. Kunyoosha kingo, mafundi wengine walitumia mfupa au mti mgumu, vibanzi vikatoka vyembamba. Kulisugua jiwe likang'aa ni ujuzi wa baadaye sana.

Mimi na ujuaji wangu, jana nikajaribu nyuma ya nyumba (nimevaa miwani, msiniseme). Nilikuwa napiga katikati badala ya ukingoni. Pigo la tano jiwe likapasuka vipande viwili butu, la sita likatua kwenye kidole gumba. Hapa naandika kwa mkono wa kushoto, na shangazi bado anacheka.