Ukienda Venice lala ndani ya mji, ila siyo San Marco

Kila mtu anayeniuliza habari za Venice anaanza na bei ya hoteli, na mimi huwa namrudishia swali: hiyo hoteli kituo chake cha boti kinaitwaje, na ukishuka hapo mpaka mlangoni unavuka madaraja mangapi? Maana ule mji wa kale wa Italia, uliojengwa juu ya visiwa, hauna gari, hauna bodaboda, hata baiskeli huruhusiwi. Basi na taksi zinaishia Piazzale Roma, treni inaishia stesheni ya Santa Lucia, baada ya hapo ni miguu yako na boti basi. Madaraja yapo zaidi ya 400 na karibu yote ni ya ngazi, unapanda unashuka, na begi lako la kilo 23 unalo mkononi. Aliyekaa Lamu ananielewa haraka, vichochoro ni vile vile vya kupishana mabega, tofauti ni kwamba kule punda anakubebea mzigo na hapa unabeba mwenyewe au unamlipa mtu wa mkokoteni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama hela inakubana, punguza usiku mmoja wa safari lakini hizo siku utakazokaa lala kwenye kisiwa chenyewe. Na ukishaamua kulala pale, kaa mbali kidogo na uwanja wa San Marco.

Sababu ni hii. Mchana Venice inajaa watu wa kuja na kuondoka, wanashuka kwenye mabasi na treni asubuhi, wanasukumana San Marco na daraja la Rialto, jioni wanarudi walikotoka. Wakishaondoka mji unakuwa mwingine kabisa. Unatembea pembeni ya mfereji saa tatu usiku unasikia maji yanavyogonga ngazi za mawe, boti za watu zimefungwa na turubai juu, wazee wanatoa mbwa nje, watoto wanapiga mpira kwenye kiuwanja mbele ya kanisa. Halafu asubuhi saa moja, kabla treni za kwanza hazijamwaga watu, utaona kitu ambacho mimi nakipenda kuliko gondola, zile boti nyembamba za kasia za watalii, nacho ni wale jamaa wa mikokoteni. Mikokoteni yao ina magurudumu makubwa nyuma na mawili madogo yamechomoza mbele, jamaa akifika darajani anaegemeza yale madogo kwenye ngazi, anavuta, anapanda hatua kwa hatua huku anapiga kelele watu wampishe. Mikokoteni ya takataka inasukumwa mpaka ukingoni mwa mfereji, boti yenye winchi inanyanyua mkokoteni mzima juu, sakafu yake inafunguka, taka zinadondoka ndani ya boti, mkokoteni unarudishwa chini. Mji mzima unahudumiwa hivyo, mkate, bia, godoro, simenti, vyote vinakuja kwa maji. Aliyelala nje ya mji akaja saa nne haya yote yamempita.

Sasa upande gani. Mji wa kale umegawanywa mitaa mikubwa sita: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. San Marco ndiyo ya bei mbaya na ndiyo yenye msongamano, alafu uwanja wake ni sehemu ya chini kuliko karibu mji wote kwahiyo maji ya bahari yakipanda huko ndiko yanakoanzia. Mimi ningekupeleka Cannaregio, upande wa kaskazini, kuanzia kwenye ghetto ya zamani ambako Wayahudi waliamriwa kukaa mwaka 1516 (utazitambua nyumba zake, ni ndefu kuliko za jirani na dari zake fupi, watu walikuwa wengi eneo dogo ikabidi wajenge kwenda juu) mpaka kule kanisa la Madonna dell'Orto alikozikwa mchoraji Tintoretto. Mifereji ya kule imenyooka, njia za pembeni yake pana, bado kuna wakazi wanaoanika nguo dirishani. Ila angalia Fondamenta della Misericordia na mwendelezo wake Ormesini, baa zimepangana pale na usiku makelele ni ya kweli, kama una mtoto mdogo chukua chumba mifereji miwili nyuma.

Na kama mna mizigo mingi au mna mzee mwenye magoti mabaya, kuna siri moja ya Cannaregio wengi hawaijui. Ukitoka stesheni ukakata kushoto, ukafuata Lista di Spagna mpaka unafika daraja la Guglie, hapo katikati hakuna daraja hata moja. Barabara yenyewe siyo nzuri, maduka ya zawadi za bei rahisi na migahawa ya kuita wapita njia, lakini begi linaburuzika sakafu tambarare mpaka mlangoni na kwa mama wa miaka sabini hiyo ni thamani kubwa kuliko dirisha la kuangalia mfereji.

Chaguo langu la pili ni Castello ya mashariki, maeneo ya Via Garibaldi, mtaa mpana ambao zamani ulikuwa mfereji ukafukiwa. Ni mbali na stesheni, ni kweli, lakini boti inakushusha Arsenale au Giardini. Angalia tu kalenda, huko ndiko Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa, inakofanyika na bei zinapaa. Tanzania yenyewe ilishiriki Biennale ya sanaa kwa mara ya kwanza 2024, kwahiyo kwa wapenda sanaa hiyo bei ina maana yake. Dorsoduro nayo safi, hasa upande wa Zattere wenye jua, ila Campo Santa Margherita ni ya wanafunzi wa chuo na hawalali mapema. San Polo na Santa Croce siwezi kuzisema vibaya, ziko katikati, soko la samaki la Rialto liko hapo.

Hela ya boti ipige hesabu pamoja na chumba. Tiketi moja ya vaporetto, yaani boti ya abiria inayofanya kazi kama daladala, ni euro 9.50 kwa dakika 75, watu wanne mkipanda mara mbili tu kwa siku hiyo ni bei ya chumba kingine. Ukipata chumba ambacho unaweza kutembea kwenda sehemu nyingi, hata kikiwa na bei juu kidogo, mara nyingi unakuwa umeokoa. Au kata pasi ya siku.

Anwani ndiyo inayowatesa watu wengi. Nyumba hazihesabiwi kwa barabara, zinahesabiwa kwa mtaa mzima, unaweza kuandikiwa Castello 6000 na kitu hivi na hiyo namba peke yake haikwambii ni kichochoro gani, na majina ya vichochoro yanajirudia mtaa hadi mtaa. Ramani ya simu inahangaika ukuta ukiwa mrefu pande zote mbili. Kwahiyo kabla hujasafiri mwandikie mwenye nyumba akutumie jina la kichochoro, kituo cha boti, na picha ya mlango. Muulize pia kama kuna lifti, maana nyumba nyingi ni za karne nyingi nyuma na hazina, na kama ni kiangazi uliza AC, mbu wapo na hutaki kulala umefungua dirisha.

Chumba cha chini kabisa mimi sichukui, hasa kuanzia Oktoba mpaka Januari. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalipanda sentimita 187. Sasa hivi kuna MOSE, ile milango ya chuma kwenye midomo mitatu ya ghuba, ilianza kunyanyuliwa Oktoba 2020 na kwa kweli imeokoa mji, lakini inanyanyuliwa kwa maji yanayotabiriwa kufika kama sentimita 110. Chini ya hapo sehemu za chini kama uwanja wa San Marco bado zinalowa na watu wanapita juu ya mbao. Na hata bila mafuriko, ghorofa ya chini ina unyevunyevu, unausikia kwenye shuka.

Mestre je? Mestre iko bara, treni ni kama dakika kumi na tiketi bei ndogo, vyumba ni nafuu, familia kubwa inapata nafasi. Kwa wanaotafuta chakula cha halali, maeneo ya karibu na stesheni, Via Piave na kuzunguka hapo, Wabangladeshi ni wengi na maduka ya nyama halali yapo. Simlaumu mtu anayelala huko akiwa na watoto watatu. Ila aende anajua kwamba anapoteza ile jioni niliyoisema.

Kuna ada ya kuingia mjini kwa wageni wa mchana, ilianza Aprili 2024, inatozwa siku zilizotangazwa tu, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Ukilala ndani ya manispaa ya Venice hulipi, na Mestre imo kwenye manispaa, lakini lazima ujisajili mtandaoni upate namba ya msamaha, na hotelini utalipa kodi ya kulala. Ukilala miji ya jirani kama Treviso au Padova huna huo msamaha.

Upande wa apatimenti naomba mfikirie kidogo. Mji wa kale ulikuwa na watu kama laki moja na elfu sabini na tano mwaka 1951, leo hawafiki elfu hamsini, na nyumba nyingi zimegeuka za wageni. Mimi napendelea hoteli ndogo ya familia au nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo. Ukichukua apatimenti, hakikisha tangazo lina namba ya CIN, yaani namba ya taifa ya usajili wa nyumba za wageni, Italia nzima inatakiwa kuionyesha tangu Januari 2025, isipokuwepo usitume hela. Na kwa mnaoomba visa ya Schengen, chukua buking ya kuweza kufuta bure, ubalozi unataka uthibitisho wa malazi lakini hauwezi kukuhakikishia jibu litatoka kabla ya tarehe yako.