Meli ya Bukoba na saksafoni yenye mafua

Pale bandarini Mwanza mlinzi kaniambia fungua boksi, nikafungua, akachungulia akacheka, "kumbe tarumbeta, we wa bendi za harusi eh?" Nikamwambia ndio bosi, maana ningeanza kueleza meli ingeniacha.

Ukweli ni kwamba mi napiga saksafoni ya klasiki na kazi yangu kubwa ni muziki wa kisasa, na sisemi bongo fleva, nasema ule wa watunzi wanaokuandikia kwenye nota ukwaruze, upumue, ugonge vitufe. Watu wananiuliza mbona hupigi Mozart kama wenzako. Jamani, Mozart kafa 1791, yule Mbelgiji Adolphe Sax kapata hataza ya saksafoni Paris 1846, sasa Mozart angeniandikia nini? Okestra nyingi hazina hata kiti chetu, tunaitwa siku moja moja, kwahiyo tunaishi kwa kazi mpya. Mtunzi Glazunov katuandikia konserto, yaani kipande cha kupiga mbele ya okestra, 1934, mwenzake Denisov sonata ya saksafoni na piano 1970, na hiyo ya Denisov kwetu ishakua ya wazee.

Basi MV Victoria ikaondoka usiku, taa za hospitali ya Bugando zikabaki kule juu kilimani zinafifia, pembeni yangu magodoro mapya na ndoo za plastiki za watu. Shoo ilikua kesho yake jioni nikapanda juu nijifue kidogo, nafungua hivi nakuta ridi imegoma. Ridi ni kile kipande cha mwanzi cha kwenye mdomo wa saksafoni, ndo kinatoa sauti, kimechongwa mpaka ncha inapitisha mwanga, mwanzi wenyewe unatoka sana kusini mwa Ufaransa, na unyevu wa ziwa haukuupenda kabisa, ncha imejikunja kama bati la zamani. Nikaitia mdomoni ilowe, nikailaza juu ya kioo cha simu nikaikandamiza na dole gumba, nikajaribu, filimbi ya refa. Nikarudia. Mara ya tatu ikakubali.

Nikaanza na Mai ya Ryo Noda, Mjapani aliyechukua milio ya shakuhachi, filimbi yao ya mwanzi, akaileta kwenye saksafoni ya alto. Afu nikahamia zoezi la sauti mbili, unabana vidole kwa mpangilio wa ajabu, unalegeza koo, pumzi moja inatoka na sauti mbili zinagombana. Mama mmoja aliyekua kajifunika kitenge kichwani akainua kichwa.

"Mwanangu, hicho chombo kina mafua?"

"Shikamoo mama. Hapana, ndo kilivyoandikwa."

"Marahaba. Kaandika nani?"

Nikakosa jibu aisee. Mzee jirani yake akadakia kwamba kuna pale nilipogonga vitufe bila kupuliza, hebu rudia, nikarudia polepole, taka taka tak, akasema hiyo ni mvua inaanza kwenye bati, hiyo nzuri, ila ile ya mafua iache mpaka watu waamke. Mwaka mzima nahangaika na wakosoaji na hakuna aliyenipa maelekezo mafupi hivyo.

Bandari ya Kemondo njiani sikuiona, nilisinzia nimekumbatia boksi. Asubuhi Bukoba nabagein na bodaboda, yule mama anapita na mabegi yake akamgeukia dereva, "mpeleke taratibu huyo, chombo chake kinaumwa." Dereva kaliangalia boksi, akaniongezea buku kwenye nauli.