Mtoto alitapika kila kitu, mpaka kaka yake akageuka kadhafi

Mtoto akiharisha hapa Bukavu, kila mtu ni daktari. Jirani wa juu alisema ni meno. Masenge wao, dada ya bwana yangu, akapiga simu akisema ziwa langu limeharibika, niache kunyonyesha. Mwenye farmasi ya njiani hakumtazama hata usoni, alinikatia antibiotiki, Flagyl, na kuniambia "itakausha tumbo". Nililipa, ndiyo. Usiku wa manane unalipa chochote.

Msichana wangu alikuwa na miezi kumi na minne. Alianza na homa na kutapika, asubuhi yake ndipo kuhara kukaja: maji matupu, bila damu. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimebadilisha nguo mara saba, nikaacha kuhesabu.

Paketi za SRO, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, nilikuwa nazo nyumbani, mbili. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Paketi imeandikwa lita moja, lakini niliona lita ni nyingi kwa tumbo dogo vile, na dawa ikiwa kali si itaponya upesi? Nikamwaga paketi nzima ndani ya gobele moja. Mtoto akaonja, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa. Nikamlazimisha. Yote ikarudi juu ya kikwembe changu kipya. Bwana yangu akachovya kidole, akalamba, akasema, "Mama, huyu umemnywesha supu ya visamaki vya sambaza." Alicheka. Kumbukeni kwamba alicheka.

Baadaye nilielezwa kwamba chumvi na sukari zikizidi, maji ya mwilini yanavutwa kuingia tumboni, na mtoto anaharisha zaidi. Basi nikachukua chupa mbili za maji za nusu lita, nikazijaza maji niliyochemsha na kupoza, nikazimimina ndani ya bidon safi, kisha nikaipiga alama ya kalamu. Lita yangu ndiyo hiyo hadi leo.

Paketi ya pili nikaichanganya vizuri. Mtoto, kwa kiu, alimaliza gobele nzima bila kupumua. Nikashangilia, nikaita hata jirani aje aone. Dakika tano, robine ikafunguka: akatapika yote.

Nilimbeba hadi kituo cha afya nikiwa tayari kuomba atiwe serumu ya mshipa. Muuguzi, mama mmoja mzee asiye na haraka, alitazama macho kama yamezama, akafinya ngozi ya tumbo, ikarudi mara moja. Akauliza kama anakojoa. Anakojoa. "Basi sindano ya nini? Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha umpe kidogo kidogo. Na ziwa usimkatalie." Flagyl aliiweka pembeni: hiki kinaonekana ni kirusi, na dawa hiyo haiui virusi. Choo hawakupima, kwa kuwa iwe rota, noro au adeno, vyote virusi vya kuharisha, matibabu ni yale yale. Akanipa zinki, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku kumi, kinayeyuka ndani ya kijiko. Mimi nikamgeukia kwa hasira: si mtoto alichanjwa rota? Akasema chanjo hiyo inapunguza hasa ule ugonjwa mkali, na virusi vingine haivizuii. Ndiyo maana huyu bado analia kwa nguvu. Nikanyamaza.

Kidogo kidogo ni rahisi kusema. Kijiko anakipiga kwa mkono. Nikanunua seringi ya mililita 5, bila sindano, bei ya maandazi mawili matatu hivi. Akaona seringi, akafunga mdomo kama mlango wa benki. Aliyetuokoa ni kaka yake wa miaka sita. Alichukua ile seringi, akachuchumaa kando ya bidon yangu kama kadhafi, ndivyo tunavyomwita muuza esanse (petroli) wa barabarani, akapaza sauti: "Pikipiki imekauka! Nitie ya ngapi?" Dada yake akacheka, mdomo ukafunguka, pssst, pembeni ya shavu. Kisha tukangoja kidogo, "mteja mwingine", pssst. Saa nne nzima kadhafi wangu alikuwa kazini, akaanza hata kudai malipo. Na kumbe rota kwa Kilatini ni gurudumu, kirusi kiliitwa hivyo kwa umbo lake. Pikipiki yetu ilikuwa na gurudumu lake tayari.

Hakutapika tena. Jioni alikula ndizi iliyopondwa. Kuhara kuliendelea siku nne zaidi, na hilo muuguzi alikuwa amenionya. Kila akiharisha namwongeza SRO, na ile iliyobaki baada ya saa 24 naimwaga.

Ila kuna kosa moja nilichelewa kuliona. Nilikuwa nasafisha mikono kwa ile jeli ya spiriti, naona nimemaliza. Kumbe noro inaistahimili, na rota nayo inasambaa kwa mikono ya anayebadilisha nguo za mtoto. Inatakiwa sabuni na maji yanayotiririka. Nikaitoa stoo ile ndoo ya robine tuliyonunua wakati wa Ebola mwaka 2019.

Ilikuwa imechelewa kwa mtu mmoja. Siku ya tatu usiku nilisikia mtu anatapika uani: bwana yangu, kilo tisini na kitu, ameshika ukuta. Kadhafi aliamka mwenyewe, akachukua seringi, akaenda kumwuliza papa yake anataka lita ngapi.