Nilivyopata vipimo vya kuaminika vya moyo wa farasi

Farasi aliyetulia moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, poni zaidi kidogo. Kuhesabu hayo ni kazi ya stethoskopu na saa. Nilichotaka mimi, kwa farasi wa kupanda ninaowahudumia huku Karen, Nairobi, ni muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika, kwa milisekunde.

Nilianza na mguso. Manyoya hayapitishi umeme, kwa hiyo nalowanisha ubavu wa kushoto nyuma ya kiwiko hadi maji yafike kwenye ngozi, napaka jeli ya ultrasaundi, ndipo nakaza mkanda wenye kihisi cha mapigo ya moyo. Sais (mtunza farasi) anayemzoea humshika hapohapo bandani, bila nyasi mdomoni, na tunasubiri atulie kabla ya kurekodi dakika tano. Nzi nao ni adui: kila akitikisa ngozi kuwafukuza, mchoro unavurugika.

Ila kazi yenyewe iko kwenye orodha ya namba, yaani milisekunde kati ya pigo na pigo. Wimbi la T la farasi, lile linalofuata kila pigo kwenye mchoro wa moyo, ni kubwa, na kifaa cha binadamu hulihesabu kama pigo. Unaona 1,670, 1,650, halafu ghafla 480 na 1,180. Zijumlishe hizo mbili: 1,660. Ni pigo moja lililokatwa vipande, basi naviunganisha. Ukikuta 3,300 katikati ya 1,650, hapo usiharakishe kufuta. Farasi wengi wazima wakipumzika huruka pigo kweli, na ukitega sikio unakisikia kimya chenyewe. "Daktari, huyu amesimama moyo!" sais aliniambia siku moja, stethoskopu masikioni. Nikamwambia amtembeze kidogo. Mapigo yakarudi sawasawa. Pigo moja la namna hiyo hupandisha matokeo yote, kwa hiyo nachagua kipande kisicho nalo. Ndiyo maana narekodi ECG kamili (mchoro wa umeme wa moyo) sambamba na mkanda. Siiachii programu isahihishe peke yake.

Tena programu hizo zimepangwa kwa pumzi za binadamu. Hugawa mabadiliko ya mapigo kwa kasi yake, na mkondo wa juu, ule unaofuata pumzi, huanzia hezi 0.15, yaani pumzi tisa kwa dakika, na farasi hupumua mara 8 hadi 16. Nimeshusha mpaka huo, ingawa siku hizi nategemea zaidi RMSSD, kipimo cha jinsi muda wa pigo moja unavyotofautiana na wa linalofuata, na namlinganisha farasi na yeye mwenyewe tu, saa ileile ya asubuhi.