Nyuzi 69 Kabla ya Pistoni Kufika Juu

Subaru Legacy ile ya turbo ilikuwa imetoka Japani, imetuniwa kwa petroli ya oktani ya juu ya hukohuko, na hapa Nairobi injini ilikuwa ikigonga (mafuta yakilipuka ovyo ndani yake) kila ikipanda mlima na mzigo. Bosi aliniachia laptopu na waya wa Tactrix, wa kuiunganisha na kompyuta ya injini. "Kijana, soma tu. Usiandike kitu." Nikaunganisha zile plagi za kijani chini ya dashibodi, nikavuta faili yote ya kompyuta hiyo: kilobaiti 512, yaani baiti 524,288.

RomRaider, programu ya kusomea faili hizo, ikifungua faili huchungulia kwanza anwani 2000 ya heksadesimali (namba za msingi wa 16), ambako Subaru za aina hiyo huweka kitambulisho cha toleo, halafu hutafuta maelezo ya XML ya kitambulisho hicho, yaani faili ya maandishi inayosema kila jedwali liko wapi na lisomwe vipi. Ya gari hili hayakuwepo. Bosi akasema tujaribu ya toleo la karibu nalo.

Jedwali la muda wa cheche (ipigwe nyuzi ngapi kabla ya pistoni kufika juu) likaja limejaa upuuzi: 69.6 hapa, -20 kando yake, kisha 69.6 tena. Ndani ya kompyuta ya gari hakuna panapoandikwa "cheche". Ni baiti tupu, kila moja kati ya 0 na 255. Jina la jedwali, ukubwa wake na hesabu ya kugeuza (zidisha kwa 0.3515625, toa 20) vyote vinakaa nje, kwenye XML. Sifuri inageuka -20; 255 inageuka 69.6. Injini gani itapigwa cheche nyuzi 69 kabla ya pistoni kufika juu? Tulikuwa tunasoma mahali pasipo na jedwali lolote.

XML yenyewe imepangwa kwa urithi. Juu kuna msingi, 32BITBASE, wenye majina, vipimo na hesabu. Kila toleo linarithi hayo na kutaja anwani zake tu. Uvivu wa namna hiyo nauheshimu sana. Maana yake ni kwamba majedwali tulikuwa tunayajua tayari. Tulichokosa ni anwani.

Bosi akavuta kiti. "Tafuta mizunguko." Mihimili ya majedwali haya, yaani orodha za pembeni za mizunguko ya injini kwa dakika na za mzigo, huandikwa kwa namba za desimali za biti 32, kwa hiyo kwa heksadesimali 800 ni 44480000, 1200 ni 44960000, 1600 ni 44C80000. Nikatafuta mfuatano huo, ikatoka mihimili kadhaa. Nikachukua anwani ya kila mmoja, nikatafuta ni wapi inatajwa kwingine ndani ya faili. Hapo ndipo utamu ulipokuwa: kila jedwali lina kijirekodi chake, chenye idadi ya safu, anwani ya mhimili wa mzigo, anwani ya mhimili wa mizunguko, anwani ya data, aina ya namba, kisha kizidishio na cha kujumlisha. Kimoja kilisema 0.3515625 na -20. Karibu nimpige bosi kofi la mgongo.

Tukaandika XML yetu yenye anwani hizo. Safari hii cheche zilikuwa za mbele kwenye mzigo mdogo, zikarudi nyuma kadiri mzigo ulivyopanda, kama inavyotakiwa. Kwenye safu za mzigo mkubwa tukatoa nyuzi chache ili cheche ichelewe na injini isigonge, tukarekebisha cheksamu (namba ya kuhakiki faili), tukaandika.

Mwenye gari akarudi kutoka mlimani anacheka. "Fundi, mmeniongezea nguvu?"

"Tumepunguza," bosi akamjibu.

Akakataa kuamini hadi nilipomwonyesha jedwali.