Nilivyochelewa miezi 14 kumwona daktari kuhusu nguvu za kiume

Mwishoni mwa 2021, nikiwa na umri wa miaka 47 na nikifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Tanga, nilianza kushindwa tendo la ndoa. Halikuwa jambo la usiku mmoja. Mwanzoni uume ulisimama ukalegea kabla ya wakati, kisha ukawa unasimama nusunusu, na kufikia Machi 2022 mwezi mzima uliweza kupita bila mafanikio yoyote, ingawa hamu yenyewe nilikuwa nayo kama kawaida. Naitaja hamu kwa sababu daktari aliiulizia mapema sana, na hapo ndipo nilipotambua kwamba muda wote ule nilikuwa nimechanganya kutaka na kuweza, kama tunavyofanya wengi tunaposema tu kwamba nguvu zimekwisha.

Mwanamume wa pwani mwenye shida hii hakosi wa kumweleza chanzo chake. Mmoja atasema ni mshipa wa ngiri, mwingine atasema ni chango, wa tatu atanong'ona kwamba kuna mwanamke amemfunga, na matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme yatamlaumu kwa punyeto ya ujanani. Mimi kama mwalimu wa sayansi nilijiona niko juu ya maelezo hayo, lakini matendo yangu hayakuwa tofauti na ya wanaoyaamini. Nilikunywa supu ya pweza Ngamiani karibu kila jioni, nikatafuna mihogo mibichi na karanga mbichi mpaka tumbo likalalamika, na hatimaye nikanunua vumbi la Kongo kwa mtu aliyeniuzia kipakiti kisicho na jina la mtengenezaji wala namba yoyote ya usajili.

Vumbi lile lilifanya kazi, na hilo ndilo lililonipotezea muda mwingi kuliko yote. Mara tatu za mwanzo nilifanikiwa vizuri, ila kila mara kichwa kiliniuma, uso uliwaka moto, pua iliziba kana kwamba nina mafua, na taa ya chumbani nikaiona ina rangi ya samawati kidogo. Nilidhani ndiyo nguvu ya mizizi. Mwaka uliofuata, nilipomsimulia daktari dalili hizo nne kwa mpangilio uleule, aliweka kalamu chini akaniambia kwamba ni dalili zinazojulikana za sildenafili, dawa ya hospitali, na kwamba yeyote aliyesaga lile vumbi inaelekea aliichanganya humo kwa kiasi ambacho hata yeye mwenyewe hakukijua.

Kilichonitoa jasho hakikuwa hicho. Kaka yangu mkubwa ana ugonjwa wa moyo, na hutembea na vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapombana. Vidonge hivyo ni vya jamii ya naitreti, na mtu anayevitumia akimeza sildenafili, shinikizo la damu linaweza kuporomoka kwa ghafla hata akafa. Miezi kadhaa kabla ya hapo kaka alikuwa ameniomba nimpunguzie lile vumbi naye ajaribu, nami nilimwahidi nusu ya kipakiti. Sikumpa kwa sababu moja tu: nilikuwa mchoyo.

Kosa langu la pili lilihusu presha. Tangu 2019 nilikuwa natumia vidonge vya kupunguza maji mwilini, na niliposikia kwamba dawa za presha zinaweza kuchangia tatizo hili, niliziacha kimyakimya kwa wiki tatu. Habari yenyewe haikuwa ya uongo, maana baadhi ya dawa za presha zinatajwa kuchangia, na kadhalika baadhi ya dawa za sonona. Lakini presha isiyotibiwa nayo huharibu mishipa ileile ninayoihitaji, na siku nilipopimwa baada ya kuziacha, mashine ilisoma 172 kwa 104. Dawa ya namna hiyo hubadilishwa na daktari, na kwangu baadaye ilibadilishwa kwa dakika chache tu, nikapewa losatani.

Aliyenipeleka hospitali ni mke wangu. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimejenga desturi ya kusahihisha madaftari sebuleni hadi nihakikishe amelala, na katika ukimya huo yeye alikuwa na hesabu zake. Usiku mmoja wa Januari 2023 alitoka chumbani, akakaa mbele yangu na kusema, "Baba watoto, kama una nyumba ndogo niambie, nisiendelee kulala na ukuta." Niliapa kwamba sina. Akaniuliza, basi ni nini? Nikamweleza, na katika maisha yangu sijawahi kutamka sentensi fupi kwa muda mrefu kiasi kile. Hakucheka wala hakulia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza jambo nililoliona halihusiani kabisa: kwa nini siku hizi naamka mara tatu kukojoa, na kwa nini pale uani ninapojisaidia usiku panajaa sisimizi. Mama yake mzazi alikuwa hivyohivyo kabla ya kugundulika ana kisukari.

Wiki iliyofuata nikawa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, nikiomba nipangiwe daktari mzee wa kiume. Nilipangiwa binti wa umri wa mwanangu. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniuliza nasumbuliwa na nini, nami nikamjibu kwamba mgongo unauma. Alianza kuandika mgongo. Nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nikitazama mlango, kwa sababu alisita akauliza, "Baba, ni mgongo peke yake, au kuna jambo la nyumbani pia?" Nikasema kuna la nyumbani. Akafuta alichoandika.

Maswali yake yalinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Aliuliza tatizo lilianza polepole au ghafla, kama hamu ipo, kama uume bado unasimama alfajiri ninapoamka, kama navuta sigara, nakunywa pombe kiasi gani, natumia dawa gani, kama miguu inakufa ganzi, kama kifua kinabana ninapopanda ngazi mbili za ghorofa. Swali la alfajiri lilinishangaza, naye akanieleza kwamba mtu anayesimamisha vizuri alfajiri au akiwa peke yake, lakini akashindwa mbele ya mwenzake, mara nyingi mwili wake ni mzima na shida iko kwenye hofu, mawazo au uhusiano wenyewe. Kwangu ule wa alfajiri nao ulikuwa umepotea taratibu, bila mimi kuugundua. Kisha alinipa karatasi yenye maswali 5, kila moja lina alama hadi 5, nikapata 9 kati ya 25. Kama mwalimu nilijua hiyo ni daraja gani.

Vipimo vilichukua siku mbili kwa sababu kimoja kilihitaji nisile tangu usiku, na kingine, cha homoni ya kiume, kilitakiwa kuchukuliwa asubuhi ambapo homoni hiyo huwa juu. Homoni ilikuwa sawa. Sukari nikiwa sijala ilikuwa milimoli 12.4 kwa lita, wakati kuanzia 7 tayari huhesabiwa kuwa kisukari, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kilisoma asilimia 9.6, ilhali mpaka wa kisukari ni 6.5. Lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, ilikuwa juu. Kipimo cha umeme wa moyo, kwa rehema za Mungu, hakikuonyesha kasoro. Kwa hiyo nilikwenda kutafuta dawa ya tendo la ndoa, nikarudi na kadi ya kliniki ya kisukari.

Daktari alinichorea mishipa miwili ya damu kwenye kipande cha karatasi. Ule unaolisha uume una upana wa milimita 1 hadi 2, na ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4, hivyo uchafu na uharibifu uleule unaoingia kwenye mishipa yote huonyesha athari kwanza kwenye ile myembamba. Wapo wanaume ambao shida hii iliwatangulia miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Mchoro ule ulinigusa kwa sababu ni somo langu mwenyewe: kwenye bomba jembamba, ukipunguza upana kwa nusu, maji yanayopita hayabaki nusu, yanabaki sehemu moja ya kumi na sita. Mshipa wa damu si bomba la chuma, najua, lakini nilikuwa nimewafundisha watoto kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka 20 bila kuwaza kwamba inanihusu.

Aliongeza kwamba damu haiingii kwa nguvu ya misuli kama watu wanavyodhani. Mtu anaposisimka, mishipa ya fahamu na kuta za mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, misuli laini ya ndani hulegea, nyama iliyo kama sponji hujaa damu, na kujaa huko hubana njia za kutokea damu. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu na kuta zile pamoja, na ndiyo maana mwenye kisukari hupigwa pande zote mbili. Sildenafili, ambayo mwanzoni ilikuwa ikijaribiwa kutibu maumivu ya kifua na ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 1998, haisimamishi kitu yenyewe. Inazuia ule ujumbe wa kulegea usifutwe mapema. Naitreti za kaka yangu hupita njia hiyohiyo ya nitriki oksaidi, na hapo nikaelewa kwa nini viwili hivyo havikutani.

Nilianzishiwa metformini, dawa ya kushusha sukari, nikapunguziwa wali na chapati, chai ikawa kavu, na kila alfajiri nikawa natembea kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi. Ilinichukua miezi minane kushusha uzito kutoka kilo 94 hadi 84 na ule wastani wa sukari hadi 6.9. Pamoja na hayo niliandikiwa sildenafili ya miligramu 50, na siku ya kwanza haikufanya lolote. Nilirudi kliniki nimenuna. Kumbe niliimeza baada ya sahani ya biriani, na mlo wa mafuta huichelewesha, kisha nikakaa mbele ya runinga nikisubiri mambo yatokee, wakati dawa hii haina kazi bila msisimko. Nilielekezwa kuimeza kama saa moja kabla, tumbo likiwa halijashiba, na nisiihukumu hadi niijaribu mara sita au nane. Ya tatu ilikubali.

Mwalimu mwenzangu kijana, aliyeoa miezi mitano tu iliyopita, alinifuata siku moja baada ya kipindi na kuniuliza kama najua mtaalamu wa mitishamba. Yeye alfajiri alikuwa mzima kabisa. Alishindwa usiku wa kwanza kwa uchovu wa harusi, na tangu hapo akawa anaingia kitandani kama anayeingia kwenye mtihani. Alikwenda na mkewe kwa mshauri nasaha mara nne, na hakuna kidonge alichokunywa.

Watu huniuliza wasubiri muda gani. Kushindwa mara moja moja kwa uchovu, pombe au ugomvi si ugonjwa, ila hali ikiendelea kwa miezi mitatu ni wakati wa kwenda. Wapo ambao sidhani wanapaswa kungoja hata hiyo mitatu: mwenye kiu na mkojo wa mara kwa mara kama niliokuwa nao mimi, anayebanwa na kifua, aliyepata ajali ya mgongo au nyonga, ambaye uume umeanza kupinda na kuuma, ambaye hamu yenyewe imezimika, au aliyeanza dawa mpya hivi karibuni. Na aliyemeza kitu chochote, kiwe cha famasi au cha mtaani, uume ukakaa umesimama zaidi ya saa nne, huyo aende hospitali usiku huohuo bila kungoja kupambazuke, kwa sababu damu iliyokwama humo huua nyama.

Leo si kijana wa miaka 25, na dawa hainifanyi kuwa huyo. Katika majaribio manne matatu hufaulu, na la nne mke wangu huniambia nilale, kesho kuna vipindi. Kaka yangu nilimweleza yote, akaenda kwa daktari wake wa moyo badala ya kuja kwangu. Supu ya pweza bado nainywa pale Ngamiani, kwa kuwa ni tamu, na muuzaji hunichotea minofu ya ziada huku akinikonyeza, akiamini kabisa kwamba anajua nimeifuata kwa nini.