Piisii wa Jumanne na Alhamisi

Mvua imenyesha usiku kucha na maranda ya bandani yamelowa. Asubuhi nilipofungua mlango kuokota mayai, harufu ilinifika machoni kabla ya puani. Mnaofuga kuku mnaijua hiyo. Nikarudi nyuma nikikohoa, machozi yananitoka, na mke wangu akaniambia kwa mbali nivae barakoa kama watu wenye akili. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika Iringa, mwaka 2016, nimesimama mbele ya meza ya saruji na testi tyubu mkononi.

Sekondari niliisomea nyumbani. Bweni lilinishinda nikiwa Kidato cha Kwanza. Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hawezi kuoga maji ya Juni ya Iringa saa kumi na moja alfajiri halafu akasimama mstarini, mifupa inakataa. Mama akanirudisha, akapangusa ubao wake wa zamani, akautundika sebuleni, shule ikaanza. Yeye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hesabu na Kiswahili ndiyo maeneo yake. Fizikia na kemia alikuwa anazisoma usiku ili anifundishe asubuhi. Mtihani wa QT, ule wa kumfungulia asiye shuleni njia ya mtihani wa Kidato cha Nne, niliuvuka kwa mtindo huo huo. Tatizo likaja kwenye Kidato cha Nne, kwa sababu kuna kitu hakifundishiki kwenye meza ya chakula, nacho ni praktiko, yaani majaribio ya maabara. Baraza la Mitihani halikuulizi kama kwenu kuna bureti. Ukijiandikisha kemia, siku ikifika unaingia maabara kama wengine, namba yako ianze na S ya wanafunzi wa shule au P ya sisi mapiisii, watahiniwa wa kujitegemea.

Kwa hiyo Mama akavaa gauni lake la kikao tukaenda sekondari ya kata, ile ya kule bondeni. Mkuu wa shule alipoinua kichwa na kumwona, alisimama wima.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Wazima nyumbani?"

Kumbe Mama alimfundisha darasa la tatu. Nikajua tumeshinda, ila Mama hakuharakisha. Alimwacha Mkuu aeleze yote: kwamba mimi simo kwenye rejista, kwamba nikiungua na asidi yeye atamwambia nini afisa elimu, na kwamba mwaka wenyewe ndio huu wa elimu bila malipo, akipokea hata shilingi ya mzazi ataonekana anatoza michango kwa mlango wa nyuma. Hoja zote zilikuwa za kweli. Nikiwa mtu mzima sasa namwonea huruma.

Mama akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Hii maabara ilijengwa na nani?"

Mliokuwapo mnakumbuka. Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, mwisho uwe Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015, na katikati hapo watendaji wakawa wanapita nyumba kwa nyumba na vitabu vya risiti. Wengine walikuwa wakiwaona kwa mbali wanafunga mlango. Mama alitoa, tena akaitunza risiti, kwa sababu Mama anatunza risiti hata za chumvi. Akaitoa kwenye pochi akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Mifuko miwili ya saruji. Mwanangu haji kuomba maabara ya mtu."

Mkuu akaiangalia ile risiti, akaniangalia mimi na sweta langu. "Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana. Na asije na ndala."

Pesa hakupokea. Ila wiki iliyofuata Mama alinibebesha kopo la motopoa ya kuwashia moto na mabomba ya sindano mapya kutoka duka la dawa, na mwalimu wa kemia alivipokea kama mahari. Maabara ilikuwa na meza nzuri za saruji, rangi bado mpya, lakini gesi hakuna, maji ni ndoo yenye koki pale pembeni, na pipeti zilizokuwa nzima zilifungiwa kabatini zikisubiri mtihani. Tulipimia kwa mabomba ya sindano.

Siku ya kwanza mwalimu aliita majina. Nilijua langu halimo, na bado nilitega sikio mpaka la mwisho. Alipofunga rejista akasema, "Na yule piisii akae meza ya dirishani." Basi nikawa Piisii. Mule ndani hakuna aliyewahi kuniita kwa jina langu.

Mezani tulikuwa wanne. Kiranja wa maabara alikuwa msichana mrefu, mkali, anayeshika vifaa kama vya kwao. Wavulana wawili walinichunguza kama mzigo uliosahauliwa na basi. Nilipofungua chupa ya maji kwa mara ya tatu, mmoja akauliza kama naumwa sukari. Nikasema hapana, selimundu. Kimya kidogo. Yule msichana akasema, "Mdogo wangu alikuwa nayo," akainama kuwasha motopoa. Sikuuliza. Lakini tangu siku hiyo nikifika, stuli yangu nilikuwa naikuta imesogezwa pale linapoingia jua.

Kazi yenyewe ilikuwa ni kutambua chumvi. Tulipewa unga mweupe kwenye kikaratasi, Sampuli W. Mle darasani kila mtu alikuwa na madesa ya majibu, yale yaliyotolewa kopi hadi herufi zikafifia, na nusu ya wenzangu walikwishajaza safu ya majibu kabla hawajawasha moto. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nayajua kwa moyo. Ongeza sodiamu haidroksaidi, pasha moto: gesi isiyo na rangi, harufu inayokaba, inageuza karatasi ya litimasi nyekundu iliyolowa kuwa ya bluu. Sentensi hiyo nilikwishaiandika kwenye daftari la Mama kwa kalamu ya bluu, nikapigiwa mstari kwa nyekundu, nikapewa vema. Niliweza kuisema usingizini. Wavulana walinisogezea karatasi niandike mlinganyo nikauandika bila kupumua, ukiwa umesawazishwa na mishale yake. Wakaangaliana. Kidogo hadhi yangu ikapanda.

Kisha msichana akanipa testi tyubu, imebanwa na kibanio cha nguo. "Pasha wewe."

Sikujua pa kuishikia. Mwali wa motopoa mchana hauonekani vizuri, unaona tu hewa inatetemeka juu ya kopo, unabahatisha. Nikaisimamisha wima kama mshumaa. Akanishika kifundo cha mkono, akailaza pembeni, akaugeuza mdomo wake kuelekea ukutani. "Hivi. Usije ukaturukishia usoni. Itikise, usiiache sehemu moja." Nikaitikisa. Vile viputo vya kwanza vilipanda taratibu, kisha vikaanza kugombana. Litimasi ilikuwa kipande kimoja kwa darasa zima, kimekatwa vipande vyembamba kama kucha. Chetu alikuwa nacho mkononi, kimelowa.

Mwalimu alikwishatuonya tusipeleke pua, tuupunge mvuke kwa kiganja. Nilipunga. Hakikuja kitu. Nikapunga tena, nikasogea kidogo, halafu amonia ikaja yote kwa pamoja, hii hii ya bandani. Jamani. Ilikuwa choo cha stendi saa saba mchana, ila imechujwa, imenolewa, imeondolewa kila kitu isipokuwa ukali wenyewe. Ilipita puani ikagonga nyuma ya macho. Nikakohoa hadi nikajikunja, meza nzima inacheka, na mimi nacheka huku nalia, huku nimeunyoosha ule mkono wenye testi tyubu mbali ili isimwagike. "Angalia, angalia!" msichana ananipigia kelele. Nikafungua jicho moja. Bluu haikuja kwa mkupuo. Ilianzia ukingoni, ikapanda kwenye ule ukucha wa karatasi polepole, kama inasitasita, kisha ikafika juu.

Ile sentensi ya daftarini haikukosea hata neno moja. Lakini ilikuwa sentensi.

Mengine yalikuwa mepesi. Bariamu kloraidi ikatupa mashapo meupe yasiyoyeyuka kwenye asidi, salfeti hiyo. Mwalimu alipouliza Sampuli W ni nini, mvulana wa meza ya nyuma akajibu kwa sauti, "SA!" Mwalimu akasema, "Amoniamu salfeti, bwana. Nani kakwambia?" "Mwalimu, mfuko tumeuona stoo." Ilikuwa mbolea kweli, ya duka la pembejeo. Ile ile niliyokuwa namwekea Mama kwenye mahindi kwa kisoda, shina kwa shina, msimu hadi msimu, na sikuitambua ilipowekwa kwenye kikaratasi chenye herufi moja tu.

Nilirudi nyumbani karibu na jua kuzama. Mama alikuwa mlangoni, akajifanya anaanua nguo. Nikaanza kumsimulia litimasi, jinsi ilivyopanda, mashapo, viputo. Alinisikiliza kwa heshima. Alikuwa amenifundisha yote hayo na yeye mwenyewe hajawahi kuyaona, kwa hiyo nilitegemea maswali.

"Sasa hao watoto," akasema, "wakoje?"

Nikamwambia kuhusu bariamu.

"Nimesikia. Mnakaa meza moja na nani?"

Nikamtajia. Akataka kujua wanaishi wapi, kama wanacheka, kama waliniuliza habari za macho yangu ya njano. Hakurudi kwenye kemia jioni ile. Mpaka leo sina hakika alichonipeleka kutafuta kule bondeni, na kila nikimuuliza anasema, "Si praktiko?" kwa sauti ya mtu anayefunga kabati.

Taitresheni nikaja kuiweza, wala sikuwahi kuungua na asidi. Mitihani ya Novemba nilifanyia kituo kingine, pamoja na mapiisii wenzangu, baba mmoja mwenye kipara ambaye alikuwa analitafuta D la hesabu, na dada aliyeacha mtoto mchanga getini kwa bibi yake. Kemia nikapata C. Kama ningekaa bwenini labda ingekuwa B, au labda nisingekuwapo kabisa kupata chochote. Hesabu hiyo sijui ianzie wapi.

Kabla ya mitihani kulikuwa na mahafali. Mimi sikuwa muhitimu wa pale, nikakaa upande wa wazazi, nikapiga makofi. Walipokwenda kupiga picha ya wanakemia, yule kiranja akaja kunivuta mkono mbele ya watu. Nipo katikati, sweta la kijani katikati ya mashati meupe, nimefumba macho.

Mama ameitundika sebuleni, ulipokuwa ubao. Mgeni akiiuliza anasema, "Huyo ni mwanangu na darasa lake." Mkuu wa shule mwenyewe alipita Krismasi moja, akaambiwa hivyo hivyo, akatingisha kichwa na kuomba aongezewe chai.